Darasa la Mtandaoni na Mwanafunzi Asiyesikia

Mwaka 1951 kijana mmoja Mmarekani mweusi, Andrew Foster, alipata cheti cha sekondari kutoka shule ambayo hakuwahi kukaa darasani mwake. Alikuwa kiziwi tangu akiwa na miaka 11, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Yeye alikuwa Detroit, shule ilikuwa Chicago, na masomo yalimfikia kwa posta. Miaka mitatu baadaye akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kilichopo Washington tangu 1864. Mwaka 1957 alifika Ghana na kuanzisha shule ya viziwi, kisha akaendelea nchi hadi nchi. Alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, alikuwa ameacha shule zipatazo 30 katika nchi 13 za Afrika.

Elimu iliyomtoa Foster ilikuwa elimu ya masafa, babu wa haya tunayoyaita leo masomo ya mtandaoni. Aliyeandaa bahasha zile huenda hakumfikiria kiziwi hata kidogo. Ilitokea tu kwamba somo zima lilikuwa kwenye karatasi, maswali yalikuwa kwenye karatasi, na majibu ya mwalimu yalirudi kwenye karatasi. Aliyesikia na asiyesikia walipokea kitu kilekile, wakakisoma kwa macho yaleyale. Kisha ikaja intaneti ya kasi, na somo la masafa likageuka video: mhadhiri anaongea, slaidi zinapita, wanafunzi wanauliza kwa kipaza sauti. Kwa wengi hiyo ilikuwa neema. Kwa asiyesikia, usawa uliokuwamo katika bahasha ya posta uliondoka siku sauti ilipoingia.

Ndiyo maana siamini kauli inayorudiwa sana katika mikutano ya elimu, kwamba mtandao umewafungulia milango watu wenye ulemavu. Umewafungulia pale tu mtu alipokaa, akafikiri, akatoa pesa na muda ili somo lionekane kwa macho, tena katika lugha ambayo mwanafunzi anaimudu. Mahali pengine pote umehamisha ukuta kutoka darasani na kuuweka kwenye skrini.

Kabla ya kuzipima nafasi zilizopo, tuelewane tunamzungumzia nani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba kwa milioni 430 kati yao upungufu huo ni mkubwa kiasi cha kuhitaji huduma. Karibu asilimia 80 ya hao wanaohitaji huduma wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa upande mwingine, Shirikisho la Viziwi Duniani huzungumzia viziwi wapatao milioni 70, wenye lugha za alama zaidi ya 300. Tofauti kati ya takwimu hizi mbili inatokana na kuhesabu watu tofauti, na mipango mingi ya elimu mtandaoni huharibikia hapo hapo, kwa kuwatia wote kapu moja.

Yupo aliyezaliwa kiziwi au aliyepata uziwi kabla hajajua kusema. Lugha yake ni ya alama. Kiswahili au Kiingereza kwake ni lugha ya pili, tena lugha aliyojifunza kwa kuitazama tu ikiwa imeandikwa. Yupo aliyepoteza usikivu akiwa mtu mzima: fundi aliyekaa miaka mingi karibu na mashine, mzee wa miaka sabini, au mgonjwa wa kifua kikuu sugu aliyedungwa kanamycin, dawa iliyojulikana kwa kuharibu masikio, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2018 isitumike tena. Huyu anasoma Kiswahili vizuri kabisa. Hajui alama hata moja, na pengine hataki kujifunza. Halafu yupo mwenye usikivu hafifu, anayetumia shimesikio au kusoma midomo, anayesikia nusu ya sentensi na kukisia nusu iliyobaki, na jioni akiwa hoi kwa kukisia kutwa nzima.

Mkalimani wa lugha ya alama kwenye kona ya skrini ni msaada mkubwa kwa wa kwanza na hamsaidii wa pili chochote. Manukuu yaliyoandikwa chini ya video yanamtosha wa pili, yanamfaa wa tatu, na kwa wa kwanza yanategemea amefundishwa kusoma kwa kiwango gani. Sauti safi isiyo na mwangwi, na uso wa mwalimu ukionekana vizuri kwenye mwanga, ni muhimu kuliko vyote kwa wa tatu. Kwa hiyo taasisi inapotangaza kozi kwamba ni rafiki kwa wenye matatizo ya kusikia, swali la kwanza la kuwauliza ni hili: wenye matatizo gani, na kwa lugha ipi?

Marekani walilijibu swali hilo mahakamani. Vyuo vya Harvard na MIT vilipoanza kumwaga mihadhara yao bure mtandaoni, vikaanzisha pamoja jukwaa la edX mwaka 2012, dunia nzima ilishangilia. Februari 2015 Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Marekani kilivishtaki vyote viwili. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mnasema elimu hii ni ya kila mtu, lakini video nyingi hazina manukuu, na nyingine zina manukuu ya ovyo yasiyoeleweka. Vyuo vilipinga kwa miaka. Harvard ilikubali kusuluhisha Novemba 2019, MIT ikafuata Februari 2020, na vyote vikajifunga kuweka manukuu sahihi.

Kesi ya California ilikuwa chungu zaidi. Baada ya malalamiko yaliyotoka kwa wafanyakazi wawili wa Gallaudet, Idara ya Sheria ya Marekani ilikiandikia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Agosti 2016 kwamba mihadhara yake ya wazi mtandaoni inakiuka haki za watu wenye ulemavu. Chuo kilipiga hesabu ya gharama, na Machi 2017 kikaondoa hadharani mihadhara zaidi ya 20,000 ya video na sauti. Lawama nyingi ziliwaangukia viziwi, kana kwamba ni wao waliowanyima wengine elimu. Mimi naona lawama hiyo haikuwa na haki. Aliyejenga nyumba ya ghorofa bila ngazi hawezi kumlaumu mgeni aliyeuliza atapandia wapi. Kilichoipata Berkeley ni kupuuza jambo dogo mwanzoni hadi likawa mlima: manukuu ya mhadhara mmoja siku unaporekodiwa ni kazi ya saa chache, ya mihadhara 20,000 iliyolundikana kwa miaka ni bajeti ya idara nzima. Mwaka 2022 Berkeley nayo ilikubaliana na serikali kurekebisha mambo yake.

Vyuo vyetu vinavyorekodi mihadhara leo viko pale Berkeley ilipokuwa ikianza, na vina bahati ya kuujua mwisho wake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimefundisha kwa masafa tangu miaka ya 1990. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake Agosti 2023, kikiwa kimekusudiwa kuwa cha mtandaoni tangu mwanzo. Katika vyuo vya aina hii kuna kitu ambacho wapangaji hawakitambui vya kutosha: maandishi. Moduli iliyoandikwa, zoezi linalojibiwa kwa maandishi, na mjadala wa darasa unaoendeshwa kwa kuandikiana badala ya kuongea, vyote vinamrudisha kiziwi anayesoma vizuri kwenye ule usawa wa Foster. Hakuna anayejua nani anasikia na nani hasikii. Nilipowauliza vijana viziwi waliosoma kwa njia hii walipendelea nini, wengi walitaja mijadala ya maandishi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu humo ndimo walimojibiwa hoja zao kama hoja.

Tukija kwenye viwango, ulimwengu una miongozo ya ufikivu wa tovuti inayojulikana kwa kifupi WCAG, yenye ngazi tatu. Manukuu kwenye video iliyorekodiwa yapo ngazi ya kwanza, ya chini kabisa, ambayo kila tovuti inatakiwa kuitimiza. Manukuu ya papo kwa papo yapo ngazi ya pili. Tafsiri ya lugha ya alama imewekwa ngazi ya tatu, na sheria nyingi duniani huishia kudai ngazi ya pili. Maana yake ni kwamba tovuti inaweza kupewa alama zote za ufikivu huku haina ishara hata moja ya mkono. Mpangilio huo unawatosha watu wanaosoma vizuri. Kwa kijana aliyemaliza darasa la saba katika shule ambayo mwalimu wake mwenyewe hakujua alama, unamwacha nje.

Kenya imepiga hatua ambayo majirani zake wangefaa kuiiga: mwaka 2022 ilipitisha kiwango chake cha kitaifa cha ufikivu wa teknolojia ya habari, KS 2952. Katiba yake ya 2010 ilikwisha kuitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na mwaka 2025 nchi hiyo ikapata sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Uganda iliitaja lugha ya alama katika katiba yake mapema, mwaka 1995. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2009. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua kozi ya mtandaoni iliyolipiwa na fedha za umma, kuizima sauti, na kujaribu kuisoma.

Niseme sasa kuhusu manukuu ya Kiswahili, maana hapa ndipo matumaini yalipo makubwa na hatari ilipo kubwa vilevile. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili katika lugha ambazo mashine yake inaweza kuzigeuza kutoka sauti kuwa maandishi. Mwaka 2019 ikatoa programu ya Live Transcribe, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Gallaudet: unaweka simu mezani, mtu anaongea, maneno yanatiririka kwenye skrini. Zoom iliruhusu manukuu ya mashine hata kwa wasiolipia mwaka 2021. Mwaka huohuo Mozilla ilipata dola milioni 3.4 za kukusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili kupitia mradi wa Common Voice, ili mashine zijifunze lugha hii kama inavyosemwa na watu wake. Kwa mzee aliyepoteza usikivu na mwenye simujanja ya bei ya kawaida, haya ni mambo yaliyobadilisha maisha. Anaweza kufuata semina ya kilimo au kozi ya hesabu za biashara bila kumsumbua mtu.

Lakini tazama jinsi mashine inavyokosea katika Kiswahili. Lugha yetu huficha ukanushi katika herufi moja au silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Mwalimu akisema "mgonjwa huyu hataruhusiwa kunywa dawa hii", na mashine ikaidondosha ile h, kwenye skrini inatokea kwamba ataruhusiwa. Sentensi imenyooka, haina kosa la tahajia, haina alama ya kumshtua msomaji. Makosa mengine ya mashine huonekana, maana neno zima linakuwa la ajabu. Kosa la namna hii linaweza kuwa sahihi kisarufi na likageuza maana juu chini. Ongeza kwamba wapo wasemaji wengi ambao h yao hutamkwa kwa shida. Ongeza walimu wa vyuo wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja, jambo linaloichanganya mashine iliyoambiwa isikilize lugha moja tu. Katika kozi ya uuguzi au ya umeme, hilo si dosari ndogo. Mashine iandike rasimu, sawa, inaokoa muda mwingi. Lakini binadamu anayeijua mada aipitie kabla somo halijawekwa. Taasisi inayoachia manukuu ya mashine bila kuyapitia, kisha ikajiandika kuwa imetimiza ufikivu, inamdanganya mwanafunzi.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, tuliona upungufu wote kwa mara moja. Nchini Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka masomo redioni, kwenye televisheni na kwenye YouTube. Redio ndiyo inayofika kwenye vijiji vya mbali, na kwa mtoto kiziwi redio ni sanduku. Lakini jambo zito zaidi lilikuwa jingine. Shule nyingi za viziwi katika nchi zetu ni za bweni, tangu ile ya Tabora iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na zile za Nyang'oma na Mumias kule Kenya zilizoanza miaka hiyohiyo. Watoto waliporudishwa makwao hawakukosa masomo tu. Wengi walikosa mtu wa kuongea naye. Mtoto wa miaka tisa aliyezoea kubishana na wenzake bwenini hadi taa zizimwe, alikaa miezi nyumbani na watu wanaompenda ambao lugha yao kwake ilikuwa kunyoosha kidole: njoo, kula, lala. Nchini Kenya, kwa madarasa mengi, hali hiyo ilidumu hadi Januari 2021.

Katika kipindi hicho ilionekana pia kazi nzuri iliyokuwa imeanza kimya kimya. Kampuni ya eKitabu ya Nairobi ilikuwa na Studio KSL, timu ambayo viziwi wenyewe husimulia na kutafsiri hadithi za watoto kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, picha za kitabu zikiwa kando na maandishi chini. Shule zilipofungwa, hadithi hizo zilipelekwa kwenye televisheni. Msingi wake ni sahihi: mtoto anaona hadithi katika lugha anayoielewa, kisha anakutana na neno lililoandikwa akiwa tayari anajua linazungumzia nini. Kusoma kunaanzia hapo. Taasisi ya viziwi ya Rochester, Marekani, nayo ina jukwaa la wazi ambapo mtu yeyote anaweza kuweka hadithi yenye video ya lugha yake ya alama, na programu ya Bloom ya shirika la SIL inaruhusu jambo hilohilo. Vyombo hivi ni vya bure. Ninachotamani ni kuona CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na matawi yake mikoani wakipewa kamera na posho ili wavijaze kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye tofauti zake kutoka shule moja hadi nyingine.

Nasisitiza lugha za kwetu kwa sababu mtandao una mkondo wake wenye nguvu. Ukitafuta somo la lugha ya alama kwenye YouTube, utakutana kwanza na la Kimarekani. Gallaudet inatoa masomo ya utangulizi bure, yaliyotengenezwa kwa ustadi. Mama wa Morogoro anayeyafuata kwa bidii usiku kucha atajifunza ishara nyingi ambazo mwanawe akienda shule ya viziwi ya Buguruni hatazikuta. Hali ni tofauti kidogo Kongo, ambako shule alizoanzisha Foster zilifundisha kwa ishara zilizotokana na za Kimarekani. Kiziwi wa huko anaweza kukuta mengi anayoyatambua. Kwa Kenya na Tanzania, masomo hayo ni mazuri ya kumwonyesha mzazi kwamba lugha ya alama ni lugha kamili. Hayatoshi kumfundisha kuongea na mtoto wake.

Darasa la moja kwa moja nalo lina matatizo yake. Chukua mwalimu wa hisabati anayefundisha kwa Zoom. Anasogeza kishale juu ya mlinganyo na kusema: "Hii ukiihamishia huku, inakuwa hasi." Anayesikia anatazama kishale huku masikio yakipokea maneno. Kiziwi ana macho mawili tu, na yote yanatazama mahali pamoja. Akimtazama mkalimani, anaona ishara za hii na huku bila kujua ni ipi na ni wapi, na akirudi kwenye ubao, namba imekwisha kuhama. Akisoma manukuu, ni hivyohivyo. Akiinama kuandika kumbukumbu, amepoteza kila kitu. Dawa yake haihitaji mashine mpya: mwalimu ataje kwa jina kile anachokionyesha, anyamaze sekunde chache kabla ya kuendelea, atume slaidi siku moja kabla, na kila anayechangia ajitaje. Mkalimani akuzwe kwenye skrini, asiachwe dirishani kama stempu. Wakalimani wawe wawili, maana mikono na akili huchoka baada ya dakika ishirini hivi, na mkalimani aliyechoka huanza kufupisha.

Somo lililorekodiwa lina heri ambayo darasa la kawaida halina. Mwanafunzi anaweza kulisimamisha, akasoma slaidi, akarudi kwa mkalimani, akarudia mara tatu. Kwa mwanafunzi kiziwi huenda hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za kusoma mtandaoni, na inagharimu pesa. Saa moja ya video ya ubora wa kati inaweza kula zaidi ya megabaiti mia mbili za bando, na kila kurudia ni kula tena kama hakuipakua. Anayesikia akiishiwa hushusha ubora wa picha na kuendelea kusikiliza. Kiziwi akishusha ubora, vidole vinayeyuka na kuwa ukungu, picha zinaruka, ishara inakatikia njiani. Kampuni za simu zinazotoa intaneti bila malipo kwa baadhi ya tovuti za elimu zingefanya jambo la haki kuingiza na video za lugha ya alama, kwa ubora unaosomeka.

Sitakaa sana kwenye glavu na vikaragosi vya kompyuta, ingawa magazeti huvipenda. Glavu za kugeuza ishara kuwa sauti humsaidia zaidi anayesikia kuliko aliyezivaa. Vikaragosi vinavyogeuza maneno kuwa ishara vimeanza kuwa vizuri. Kimojawapo, Terp 360, kazi ya Mkenya Elly Savatia, kilishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2025. Shirikisho la Viziwi Duniani, pamoja na wakalimani, lilitoa tahadhari mwaka 2018 ambayo bado ina uzito: kikaragosi kinaweza kufaa kwa taarifa fupi zilizoandaliwa mapema, na kisichukue nafasi ya mkalimani pale watu wanapozungumza. Darasa ni mahali watu wanapozungumza.

Nafasi kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haiko chuo kikuu. Iko nyumbani. Utafiti wa Marekani unaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mzazi huyo anapewa habari hospitalini, kama amebahatika kupimwa mapema, kisha anarudi nyumbani bila mtu wa kumwongoza, katika miaka ileile ambayo ubongo wa mtoto unaidaka lugha kwa urahisi. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio mwaka 2017, na hata mtoto aliyepandikizwa anahitaji mzazi aliyefundishwa namna ya kumzoesha sauti. Kumfundisha mzazi akiwa mbali ni jambo lililokwisha kufanyika bila intaneti. Mwaka 1942 Louise Tracy, mke wa mwigizaji Spencer Tracy na mama wa mtoto kiziwi, alianzisha kliniki Los Angeles, nayo ikawatumia wazazi masomo ya bure kwa posta hadi nchi za mbali. Mkazo wao ulikuwa kusema kwa mdomo, na wapo viziwi wengi wasiokubaliana nao. Lakini walielewa kwamba mwalimu wa kwanza wa mtoto kiziwi ni mzazi, na kwamba mzazi anaweza kufundishwa kwa mbali.

Hebu fikiria jambo hilo kwa WhatsApp, ambako viziwi wetu tayari wanaishi: makundi yao yamejaa video fupi za ishara, za habari, utani, misiba na michango. Kiziwi mtu mzima, anayelipwa, awatumie wazazi kumi video ya nusu dakika kila asubuhi: leo ishara ya uji, kesho ya maumivu, keshokutwa ya "nilikuwa wapi". Nao wamrudishie video zao awasahihishe. Haihitaji jukwaa jipya wala tovuti ya mamilioni. Inahitaji mtu wa kulipa mshahara wa mwalimu kiziwi, na vituo vya afya kumpa mzazi namba hiyo siku mtoto anapogundulika. Mpango wa namna hiyohiyo ungewafaa walimu waliopangiwa vitengo vya viziwi bila kujua alama. KISE, taasisi ya elimu maalumu jijini Nairobi, na Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha wana utaalamu wa kuuandaa, na mwalimu aliyeko kazini hawezi kuacha darasa miaka miwili ili akajifunze.

Kwa wanaotoa fedha za kozi za mtandaoni, serikali na wafadhili, ombi langu ni moja: msilipe awamu ya mwisho ya mkataba hadi viziwi walioajiriwa kwa kazi hiyo waikague kozi yote na kusema wameielewa. Kwa mwalimu anayerekodi somo lake leo usiku kwa simu, pitia manukuu yako kabla hujabonyeza kutuma, hasa vitenzi vya kukanusha. Na kwa mzazi aliyeambiwa wiki hii kwamba mwanawe hasikii, usisubiri kozi yoyote. Ulizia tawi la chama cha viziwi lililo karibu nawe, umtafute kiziwi mtu mzima, umwombe akufundishe ishara za kuanzia kesho asubuhi.